Hayati Sheikh Abeid Amani Karume: Mwanamaji Aliyeunganisha Vyama Viwili

Ndugu wana Kakese, mlio nyumbani na mlio mbali,

Sura yake mnaijua. Ipo kwenye sarafu ya shilingi 500, ile yenye nyati upande wa pili. Tukikaa kuhesabu michango baada ya harambee, sarafu hizo ndizo zinazojaza meza. Lakini ukimwuliza kijana wetu Sheikh Karume alifanya nini, atakutajia Mapinduzi na Muungano, basi. Sisi tumeona mwaka huu tueleze zaidi kazi aliyoifanya kabla ya hayo mawili, kwa sababu inagusa swali ambalo baadhi ya wanachama wanaliuliza: je, wenyeji wa kata na wale waliohamia wabaki katika mfuko mmoja, au kila upande uwe na wake?

Umoja wetu si wa chama chochote cha siasa, na hatumwandiki Mzee Karume ili tumpigie mtu kampeni. Amefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Tunamwandika kama mtu aliyewahi kushika daftari la wanachama wa pande mbili zisizoaminiana.

Alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera, kisiwani Unguja. Shule aliyosoma ni kidogo. Akiwa bado kijana aliingia baharini, akawa baharia katika meli za mizigo, akaona bandari za mbali ambazo wasomi wengi wa wakati wake walizisoma kwenye ramani tu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 aliacha meli, akarudi Zanzibar na kuanza kazi ya mashua za mota. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na abiria walishushwa kwa mashua ndogo mpaka nchi kavu. Wenye mashua waliungana katika chama, na Karume akawa kiongozi wao. Anayetaka kujua alijifunzia wapi uongozi, sisi tungemwambia aanzie hapo. Watu wa mashua hugombania abiria yule yule. Bila utaratibu wa zamu na mapato, wataishia kugombana na kushushiana bei mpaka wote wakose.

Tueleze kidogo hali ya visiwa, maana msomaji wa Katavi anaweza kudhani Wazanzibari wote walikuwa kitu kimoja. Juu kabisa alikuwapo Sultani, chini ya himaya ya Waingereza. Serikali iliwatambua watu kwa makabila yao, na kila kundi lilisemewa na jumuiya yake: Waarabu na yao, Wahindi na yao. Waafrika nao walikuwa na mbili. Ya kwanza ni African Association, iliyoanzishwa mwaka 1934. Humo walikuwamo zaidi watu wenye asili ya bara, yaani wajukuu wa waliovushwa kama watumwa, wapagazi waliobaki pwani, na vibarua waliofuata kazi za karafuu na za mjini. Walikuwamo Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo na wengine. Ya pili ni Shirazi Association. Hiyo ilianzia Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha ikafika Unguja. Hii ilikuwa ya wenyeji wa tangu zamani: Wapemba, Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja, na Watumbatu wa kisiwa cha Tumbatu na kaskazini ya Unguja. Wao walijihesabu kuwa wenye ardhi na wenye visiwa, na mtu wa bara kwao alikuwa mgeni hata kama baba yake alizaliwa Ng'ambo.

Kuna habari moja ya wakati ule ambayo mkulima wa mpunga wa Kakese ataielewa upesi. Katika Vita Kuu ya Pili chakula kilikuwa haba, na serikali ikagawa posho kwa kabila. Mchele uliwekwa kwa Waarabu na Wahindi. Mwafrika alipangiwa unga wa mahindi. Kwa hiyo jina la kabila lililoandikwa kwenye karatasi ndilo liliamua utakula nini jioni. Watu wengi walikimbilia kubadili majina ya makabila yao, na wala hatuwalaumu. Lakini ndivyo makundi mawili ya watu maskini, waliokuwa wakichuma karafuu katika mashamba yale yale, yalivyozidi kutengana.

Mwaka 1955 kilizaliwa chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu. Serikali nayo ikatangaza kwamba mwaka 1957 utafanyika uchaguzi wa kwanza, viti 6 tu katika Baraza la Kutunga Sheria. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwauma viongozi wa jumuiya mbili za Waafrika. Kila moja peke yake ilikuwa na watu wengi, lakini zikisimamisha wagombea wawili katika jimbo moja, mtu wa tatu angepita katikati yao.

Karume alikuwa tayari rais wa African Association. Kwa upande wa Washirazi wa Unguja walikuwapo Sheikh Thabit Kombo na Sheikh Ameri Tajo. Julius Nyerere, akiwa kiongozi wa TANU, alivuka bahari kuwasukuma wakubaliane. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Washirazi waliogopa kumezwa na watu wa bara. Watu wa bara waliogopa kuitwa wageni ndani ya chama chao wenyewe. Tarehe 5 Februari 1957 walikubaliana. Jina lenyewe linaonyesha jinsi walivyopatana, kwa kuwa hawakutupa la upande wowote: Afro-Shirazi Union, na baadaye Afro-Shirazi Party. Karume akawa rais, na Thabit Kombo Mshirazi akaja kuwa katibu mkuu aliyedumu naye miaka mingi. Washirazi wa Pemba hawakuingia siku ile. Walitaka kwanza kuona mambo yatakwendaje.

Uchaguzi ulifanyika Julai 1957. Jimbo la Ng'ambo, Karume aligombea na Sheikh Ali Muhsin, msomi na kiongozi mkubwa wa Hizbu. Wapinzani walipeleka madai kwamba Karume si mzaliwa wa Zanzibar bali ni mtu wa Nyasaland, hivyo hafai kugombea. Shauri likafika mahakamani, na mahakama ikakubali kwamba ni mzaliwa. Kura zilipohesabiwa alimshinda mpinzani wake zaidi ya mara tatu. Umoja ule mpya wa miezi mitano ulipata viti 3 vya Unguja. Viti 2 vya Pemba vilichukuliwa na Washirazi waliosimama wenyewe, ambao baadaye walijiunga nao. Hizbu haikupata hata kimoja.

Baada ya ushindi mambo hayakutulia. Maskwota waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu walianza kufukuzwa mashambani, na Waafrika nao wakaacha kununua kwenye maduka ya watu wa upande wa pili. Mwaka 1958 jirani zetu wa Mwanza walipokea mkutano wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, ule uliozaa PAFMECA, na kutoka hapo wakafanya jitihada za kupatanisha vyama vya Zanzibar. Mapatano hayakudumu.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo tungependa kila mjumbe wa kamati zetu za vijiji aisome kwa kalamu mkononi. Desemba 1959 ile hofu ya zamani ilirudi. Ameri Tajo, Mohamed Shamte wa Pemba na Washirazi wengine walijitoa na kuunda chama chao, Zanzibar and Pemba People's Party. Kwa maoni yetu lawama si ya upande mmoja. Karume alikuwa mgumu, hakupenda kupingwa, na wasomi ndani ya chama walimwona hana elimu ya kutosha. Nao wenzake walikuwa na haraka ya kuondoka.

Tazameni hesabu. Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, Hizbu 9, na chama kipya 3. Kiti cha kumi cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Kura moja tu! Wale watatu wa chama kipya nao wakagawanyika, mmoja akaja ASP na wawili wakaenda Hizbu. Ikawa 11 kwa 11, serikali haiwezekani kuundwa. Wakaongeza kiti kimoja na kupiga kura tena mwezi Juni. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti 10 tu. Hizbu 10, na chama cha Shamte 3. Wale watatu walikwenda Hizbu, na Shamte akawa mkuu wa serikali. Siku hizo za Juni zilimwaga damu: watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, na hakuna sababu ya siasa inayoweza kulifunika jambo hilo.

Julai 1963 walirudia. Safari hii ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, na viti 13 kati ya 31. Upande wa pili, Hizbu 12 na washirika wao 6, jumla 18. Mtu mwenye kura nyingi ameshindwaje? Kura za ASP zilirundikana katika majimbo ya Unguja waliyoshinda kwa mbali, na kule Pemba, walikojitoa wale ndugu wa Kishirazi, walishindwa kwa tofauti ndogo jimbo baada ya jimbo. Sisi ambao kazi yetu ni mahesabu tunaijua hali hiyo: jumla ni nzuri, ila fedha ipo kwenye akaunti isiyofaa.

Visiwa vikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali hiyo ya Shamte na Sultani wake. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi, na Karume akawa Rais. Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar na Tanganyika ziliungana, naye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hayo yamo kwenye vitabu vya shule, hatutayarefusha. Aligawa ardhi, eka tatu tatu kwa familia, akafanya elimu kuwa bure, akajenga majumba ya ghorofa ya Michenzani.

Lakini maelfu ya watu walikufa katika Mapinduzi, na utawala uliofuata ulikuwa mkali. Uchaguzi uliondolewa kabisa. Wapinzani waliwekwa ndani bila kesi, na baadhi ya waliokuwa naye ASP tangu zamani, kama Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif, waliuawa. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu. Tena mtu yule ambaye watu wake walinyimwa mchele wakati wa vita, akiwa Rais alizuia kuingizwa kwa chakula kutoka nje ili visiwa vijilishe vyenyewe, na watu wakapanga foleni huku serikali ikiwa na akiba kubwa ya fedha za karafuu. Kama mhasibu wa chama angeruhusiwa kusoma taarifa mbele ya mkutano na kuulizwa maswali, pengine hali ingekuwa nyingine. Hakukuwa na mkutano wa namna hiyo.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama, akicheza bao na wenzake kama ilivyokuwa desturi yake. Wenye silaha wakaingia na kumpiga risasi. Akazikwa hapo hapo. Tarehe 5 Februari 1977, miaka 20 kamili tangu Afro-Shirazi izaliwe, iliungana na TANU. Wazanzibari walipiga kura ya kuchagua wawakilishi wao tena mwaka 1980.

Tunarudi Kakese. Kata yetu ina waliotangulia na ina waliofuata malisho na mashamba ya mpunga. Mpanda yenyewe ilikua kwa watu waliokuja na reli ya kutoka Kaliua na mgodi wa madini ya risasi, kwa hiyo ukitafuta mwenyeji halisi utatafuta sana. Mara kadhaa tumeona barua mbili zikitoka kata hii hii, moja ya wenyeji na nyingine ya waliohamia, zikiomba jambo lile lile kwa ofisi ile ile, na zote mbili kukosa jibu. Pendekezo la kugawa mfuko limeletwa kwa utaratibu, na litajadiliwa kwenye mkutano mkuu. Wanaolitaka wana hoja: wanasema vitongoji vya waliohamia vinachangia na havioni kitu. Hoja hiyo inajibiwa kwa daftari, si kwa maneno. Ndiyo maana safari hii taarifa ya mapato na matumizi imepangwa kitongoji kwa kitongoji, kilichotoa na kilichopata, kurasa zinazofuata. Isomeni kabla ya kuja, mje na maswali. Fomu ya ahadi ipo nyuma ya kijarida.