Madeleine Vionnet, mama aliyekata nguo kwa mshazari

Fundi yeyote wa kushona hapa kwetu anajua neno patroni: ile karatasi yenye alama ambayo unalaza juu ya kitambaa kabla ya kugusa makasi. Mama Madeleine Vionnet wa Ufaransa alipitisha maisha yake juu ya kazi hiyo, na namna yake ya kukata inawasumbua mafundi mpaka leo.

Alizaliwa mwaka 1876 katika familia ya kimaskini. Alikuwa bado mtoto wakati alipoacha shule, akatumwa kwa mshonaji kujifunza. Akaolewa kijana, akazaa mtoto msichana, mtoto akafariki. Ndoa nayo ikavunjika. Akavuka kwenda London kutafuta kazi, kisha akarudi Paris kwenye nyumba ya mitindo ya dada wa Callot. Pale njo macho yake yalifunguka.

Mwaka 1912 akafungua nyumba yake mwenyewe. Vita ya 1914 ikaifunga, akafungua tena ilipoisha.

Sasa kazi yenyewe. Kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukikata kwa kufuata za urefu, nguo inasimama tu. Vionnet aligeuza patroni ili nyuzi zipite kona kwa kona. Kitambaa kikikatwa vile kinavutika, kinafuata mwili chenyewe, bila korseti. Lakini kinadanganya pia: tundika ile nguo usiku, asubuhi pindo limeshuka upande mmoja. Kwa hiyo hakuanza na kuchora. Alikuwa na mwanasesere wa mbao, mdogo kuliko mtu. Alizungushia kitambaa juu yake, akabana kwa pini, akakata, akaharibu, akarudia. Ikikubali, njo vipimo vilikuzwa kufikia mwili wa mtu mzima. Hata vitambaa aliagiza vifumwe vipana kupita kawaida, juu ya kupunguza mishono.

Kilichomuudhi sana ni wizi. Mtu akinunua nguo moja, akaifungua mishono na kuilaza mezani, tayari ana patroni. Basi kila nguo ilipigwa picha mbele, nyuma na pembeni, na kwenye kibandiko akatia alama ya kidole gumba chake. Wenye kumuiga aliwapeleka mahakamani.

Wafanyakazi wake walipita 1.000. Aliwawekea daktari, daktari wa meno, mahali pa kulia chakula na mapumziko yenye kulipwa. Wamama wenye kuzaa nao walipata likizo. Wakati ule, wenye atelye wengi hawakufikiria hata nusu ya hayo.

Alifunga mwaka 1939. Mwaka 1952 akatoa nguo zake na albamu za picha zitunzwe Ufaransa. Alifariki 1975, akiwa na miaka 98. Baadaye Mmarekani Betty Kirke alizichunguza zile nguo moja moja, akachora upya patroni zake. Nyingine, ukiziona kwenye karatasi, ni miraba tu, hauwezi kubahatisha kwamba hiyo ni gauni.