Bonham: Ngoma ilipasuka mapema, mvumo wake haujazima

MNAMO Desemba 4, 1980, wanamuziki watatu wa Uingereza walitoa taarifa fupi iliyowaduwaza mashabiki wao kote duniani. Bendi yao, Led Zeppelin, iliyokuwa imeuza mamilioni ya santuri na kujaza viwanja vya Ulaya na Marekani kwa muda wa miaka 12, ilikuwa imefika kikomo. Mwimbaji Robert Plant alikuwapo. Jimmy Page, mpiga gitaa, alikuwapo. John Paul Jones, fundi wa besi na kinanda, alikuwapo pia. Aliyekosekana ni mmoja tu, yule aketiye nyuma kabisa jukwaani, ambaye mashabiki wengi humtupia macho mwisho: mpiga ngoma.

Katika ulimwengu wa muziki, mpiga ngoma akifa hutafutwa mwingine. Bendi ya The Who, nayo ya Uingereza, ilifiwa na Keith Moon mnamo Septemba 1978 na haikukawia kupata mrithi wake. Wenzake John Bonham waliona kwamba kwao jambo hilo haliwezekani. Aliyewaondokea hakuwa mtu wa kuwashikia mdundo tu, bali nguzo iliyobeba paa la nyumba nzima.

John Henry Bonham alizaliwa Mei 31, 1948 mjini Redditch, katika jimbo la Worcestershire. Baba yake, Jack, alikuwa seremala na mjenzi. Akiwa na umri wa miaka mitano hivi, mtoto huyo alianza kugonga masanduku na mikebe ya kahawa, akiwaiga Gene Krupa na Buddy Rich, mabingwa wa ngoma za jazi kutoka Marekani. Alipofika miaka 10, mama yake, Joan, alimnunulia ngoma moja ndogo. Baba naye alimpa seti kamili alipotimiza miaka 15. Hakuwahi kuketi mbele ya mwalimu rasmi wa muziki. Maarifa aliyaokota kwa kusikiliza santuri na kuwauliza wapiga ngoma wa mjini kwao.

Masomoni hakung'ara. Husimuliwa kwamba mwalimu wake mkuu alitabiri kuwa kijana huyo angeishia ama kuzoa taka ama kuwa milionea. Alipoacha shule mnamo 1964 alifanya kazi ya useremala na baba yake mchana, na jioni akapiga ngoma katika vikundi vidogo vya eneo hilo. Alimwoa Pat Phillips wakiwa vijana wadogo, na mnamo Julai 1966 wakajaliwa mwana wa kiume, Jason. Maisha yalikuwa magumu. Isitoshe, kumbi nyingine zilimkataa kwa sababu ngoma zake zilikuwa na kishindo kilichowazidi wateja na wenye nyumba.

Katika mahangaiko hayo ndipo alipokutana na Robert Plant, mwimbaji kijana aliyekuwa akitafuta riziki katika kumbi zilezile. Walicheza pamoja katika kikundi cha Crawling King Snakes, kisha katika Band of Joy. Kikundi hiki cha pili kiliposambaratika mnamo 1968, Bonham alipata kibarua cha kumpigia ngoma mwimbaji Tim Rose wa Marekani aliyekuwa ziarani Uingereza. Kwa mara ya kwanza akawa na mshahara wa kutegemewa, na waimbaji Joe Cocker na Chris Farlowe nao wakaanza kumtaka.

Si ajabu basi kwamba Jimmy Page alipomwita ajiunge na bendi mpya aliyokuwa akiiunda, Bonham alisitasita. Bendi hiyo haikuwa na jina wala fedha, naye alikuwa na mke na mtoto wa kulisha. Telegramu zilimiminika kwenye baa aliyopenda kushinda, nyingine zikitoka kwa Plant na nyingine kwa meneja Peter Grant. Hatimaye alikubali. Agosti 1968 vijana hao wanne walikutana katika chumba kidogo jijini London, wakapiga wimbo mmoja wa zamani, na wote wakatambua papo hapo kwamba wamepata walichokuwa wakikitafuta.

Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa takriban saa 36 tu za studio, ikatoka Januari 1969. Wimbo unaoifungua, Good Times Bad Times, uliwachanganya wapiga ngoma wengi. Ngoma kubwa, ile ipigwayo kwa kanyagio la mguu, ilisikika ikitoa midundo ya harakaharaka hata wasikilizaji wakasadiki kwamba Bonham anatumia ngoma mbili na miguu miwili. Kumbe ilikuwa ngoma moja na mguu mmoja wa kulia. Alikuwa ameufanyisha mguu huo mazoezi hadi ukawa mwepesi kama kifundo cha mkono.

Tangu hapo akajengewa sifa ya kuwa mtu wa nguvu. Sifa hiyo haikuwa ya uongo. Ngoma yake kubwa ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, pana kuliko zilizotumiwa na wapigaji wengi wa wakati huo, na katika kipande chake maalumu, Moby Dick, aliweza kuwaacha wenzake wapumzike huku yeye akipiga peke yake kwa zaidi ya dakika 20. Hapo aliweka kando mikwiro na kuzipiga ngozi kwa viganja vitupu. Katika wimbo Four Sticks, kama jina lake linavyodokeza, alishika mikwiro miwili katika kila mkono.

Hata hivyo, anayeusikiliza muziki wake kwa makini atagundua kwamba nguvu ilikuwa nusu tu ya siri. Nusu ya pili ilikuwa subira. Mfano ulio bora ni Stairway to Heaven, wimbo wa dakika nane uliotoka mnamo 1971. Kwa zaidi ya dakika nne za mwanzo Bonham hagusi ngoma hata mara moja. Gitaa linapita, filimbi zinapita, mwimbaji anasimulia, naye amenyamaza. Anapoingia, wimbo unapata miguu na kuanza kutembea. Lau angeingia mapema, kama ambavyo mpigaji mwenye pupa angefanya, wimbo huo ungepoteza mwinuko wake wote.

Kashmir, wa mwaka 1975, unaonyesha jambo jingine. Gitaa linahesabu tatu tatu ilhali ngoma zinahesabu nne nne. Kila mmoja anashika njia yake, na baada ya mapigo 12 wanakutana tena mahali pamoja. Mpigaji dhaifu angevutwa na gitaa na kupotea. Bonham hakutikisika, wala hakupamba. Alipiga mdundo mmoja mzito na wa wazi kwa zaidi ya dakika nane, akijua kwamba mzunguko ule ungeharibika iwapo angejitia madoido.

Jambo la tatu ni mlio wenyewe. Wakati huo mafundi wengi wa studio walizoea kusogeza vipaza sauti karibu kabisa na kila ngoma na kuzitia mablanketi ndani ili zisivume. Bonham alitaka kinyume chake. Alizikaza ngozi zake na kuziacha ngoma zipumue, kwa kuwa aliamini ngoma iliyozibwa mdomo haiwezi kusema. Page, aliyesimamia kurekodi, alikubaliana naye kwamba kipaza sauti hakina budi kukaa mbali kidogo, ili kinase chumba pamoja na ngoma.

Imani hiyo ilitimia katika Headley Grange, nyumba kuukuu iliyoko Hampshire, iliyojengwa mnamo 1795 kuwa makao ya kazi kwa maskini. Bendi ilikwenda huko na mitambo ya kurekodia iliyopakiwa katika lori. Ngoma za Bonham ziliwekwa ukumbini, chini ya ngazi zilizopanda ghorofa tatu. Mhandisi wa sauti Andy Johns akaning'iniza vipaza sauti viwili huko juu kwenye ngazi, kisha mlio ukapitishwa katika mtambo wa mwangwi na mwingine wa kuibana sauti. Havikuwekwa vipaza sauti karibu na ngoma kama ilivyokuwa desturi.

Wimbo uliozaliwa hapo ni When the Levee Breaks, uliorekodiwa kwa mara ya kwanza mnamo 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Ngoma zinaufungua zikiwa peke yake. Kila pigo linaanguka, linapanda ngazi, linarudi, na ndipo pigo jingine linafuata. Msikilizaji anahisi ukubwa wa nyumba ile pasipo kuiona. Anahisi pia kwamba mpigaji hana haraka, kwa maana angeongeza mapigo, mwangwi ungejaa na kuwa makelele. Bonham alikiachia chumba nafasi ya kujibu.

Mdundo huo umeishi maisha mengine ambayo mwenyewe hakuyaota. Tangu miaka ya 1980 wanamuziki wa kufokafoka wamekuwa wakiukata na kuutia katika nyimbo zao, miongoni mwao Beastie Boys wa New York, waliofungulia nao albamu yao ya mwaka 1986. Vijana wasiolijua jina la Bonham wameucheza mdundo wake kwa miongo kadhaa.

Lakini wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Bonham alikuwa mtu wa nyumbani aliyelazimika kuishi safarini. Alinunua shamba katika Worcestershire, akafuga ng'ombe aina ya Hereford, na alifurahia kuwa na mkewe, mwanawe Jason na binti yake Zoë, aliyezaliwa mnamo 1975. Kupanda ndege kulimtia hofu, na kila ziara ilimtenga na familia kwa majuma mengi. Hofu hiyo na upweke huo aliviliwaza kwa pombe.

Waliomjua wamesimulia habari za watu wawili katika mwili mmoja. Akiwa hajalewa alikuwa mpole, mcheshi na rafiki wa kweli. Plant alipofiwa na mwanawe mdogo mnamo Julai 1977 wakiwa ziarani Marekani, Bonham aliandamana naye hadi nyumbani na kusimama naye mazishini. Akilewa, aligeuka mtu wa kuogopwa. Siku chache tu kabla ya msiba huo, yeye, meneja Grant na wengine wawili walikamatwa baada ya wafanyakazi wa mwandalizi wa tamasha kupigwa mjini Oakland, na mahakama iliwapa adhabu. Wasifu wake hauwezi kusimuliwa kwa haki upande mmoja ukifichwa.

Hata katika miaka hiyo ya giza mikono haikumtupa. Katika Fool in the Rain, wa mwaka 1979, alitumia mdundo laini wa kuyumbayumba unaofanana na ule wa Bernard Purdie wa Marekani, uliojaa mapigo madogo yanayosikika kwa shida kati ya yale makubwa. Hapo hakuna kishindo. Aliyedhani Bonham ni mtu wa nguvu tu hana budi kuusikiliza wimbo huo mara mbili.

Mwili, hata hivyo, ulikuwa umechoka. Juni 27, 1980 alianguka jukwaani mjini Nuremberg, Ujerumani, na onyesho likakatizwa baada ya wimbo wa tatu. Septemba 24 mwaka huo, bendi ilipoanza mazoezi ya ziara ya Marekani Kaskazini, Bonham alianza kunywa vodka asubuhi na kuendelea kutwa nzima. Usiku alilala nyumbani kwa Page, karibu na Windsor. Mchana uliofuata, wenzake walipokwenda kumwamsha, walimkuta amekwisha kufa. Uchunguzi ulibaini kwamba alikuwa amekunywa takriban vipimo 40 vya vodka, akatapika usingizini na kupaliwa. Kifo hicho kilitajwa kuwa ajali. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Kifo chake kiliacha mjane na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka 14. Kiliacha pia bendi iliyoamua kujifunga. Wengi walidhani uamuzi huo ungebadilika baada ya machozi kukauka, kwa maana fedha zilizokuwa zikiwangoja zilikuwa nyingi mno. Haukubadilika. Wakati watatu hao walipokutana kwa tamasha la hisani la Live Aid mnamo 1985, wakisaidiwa na wapiga ngoma wengine, matokeo hayakuwaridhisha wao wenyewe.

Onyesho lao kamili lilisubiri hadi Desemba 10, 2007, jijini London, kwa kumbukumbu ya Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni iliyotoa santuri zao. Maombi ya tiketi yaliripotiwa kupita milioni 20, ilhali ukumbi ulichukua watu wasiofika 20,000. Aliyeketi nyuma ya ngoma usiku huo ni Jason Bonham, kwani mtoto wa nyoka ni nyoka. Baada ya usiku huo mmoja, bendi haikufufuliwa.

Mei 31, 2018, siku ambayo John Bonham angetimiza miaka 70, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya mji wa Redditch, ikimwonyesha akiwa nyuma ya ngoma zake. Majivu yake yamezikwa katika uwanja wa kanisa dogo la Rushock, si mbali na shamba lake la ng'ombe. Mashabiki kutoka nchi nyingi hufika hapo, na badala ya maua wengi wao huacha mikwiro.