Zuberi Mtemvu: Tumkumbuke vipi aliyeshindwa?

NDUGU msomaji, ukiuliza leo juu ya uchaguzi wa kwanza wa Rais katika nchi hii, wengi watakutajia jina moja tu, la Mwalimu Julius Nyerere. Ni wachache wanaokumbuka kuwa katika uchaguzi ule wa Novemba 1, 1962 kulikuwa na mgombea wa pili, naye ni Zuberi Mtemvu. Kura zilipohesabiwa, Nyerere alipata 1,127,978 na Mtemvu akapata 21,276. Katika kila kura mia moja, Mtemvu hakufikisha hata mbili.

Wapo wanaomcheka mzee huyu, wakimuona kama mtu aliyekwenda kupigana na bahari. Wapo pia, hasa miongoni mwetu Waislamu, wanaotaka kumfanya shujaa kwa sababu tu yeye ni Zuberi na aliyemshinda ni Julius. Mimi simo katika makundi hayo mawili. Namheshimu Mtemvu, na nitaeleza kwa nini. Lakini kila nikiisoma historia yake najikuta na shukrani upande mmoja na masikitiko upande wa pili.

Mtemvu hakuanza siasa akiwa adui wa TANU. Alikuwa ndani ya nyumba ile. Alikuwa kijana chama kilipoasisiwa Julai 7, 1954, na akawa mmoja wa watendaji waliokijenga katika miaka yake ya mwanzo. Kilichomtoa ni mkutano mkuu wa Tabora wa Januari 1958.

Vijana wa leo huenda hawaijui habari ya kura tatu. Waingereza walitaka kila mpigakura achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpigakura asiyefanya hivyo kura yake iliharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Walitakiwa wenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au waliosoma hadi darasa la nane, au wenye vyeo vilivyotambuliwa na serikali. Mkulima wa Kisarawe na kuli wa bandarini hawakuwamo. Waafrika, waliokuwa karibu watu wote wa nchi hii, wakapewa idadi ya viti sawa na Wazungu, ambao walikuwa wachache mno.

Je, hiyo haikuwa dharau? Kwa hakika ilikuwa dharau. Nyerere naye aliiona hivyo, lakini alisema waingie humo humo na kuushinda mpango huo kutoka ndani. Wajumbe waligawanyika vibaya. Mwishoni hoja ya kushiriki ikapita kwa kura 37 dhidi ya 23. Mtemvu alikuwa upande ulioshindwa. Wengi wa upande huo walimeza machungu yao wakabaki. Yeye alitoka, na mwaka huo huo akaanzisha chama chake, African National Congress.

Hapa ndipo ninapompa heshima yake. Kutoka TANU mwaka 1958 hakukuwa jambo dogo. Uliacha marafiki, uliacha jina, na mtaani uliitwa msaliti. Mtemvu alilijua hilo, akatoka.

Lakini heshima hiyo hainizuii kuuliza alitoka kwenda wapi. Msimamo wa chama chake ulikuwa kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao, na kwake Mwafrika alikuwa mtu mweusi. Mwasia au Mwarabu aliyezaliwa hapa, akazikwa baba yake hapa, hakuwa na fungu katika nchi.

Sasa tujiulize sisi tunaosali Kariakoo, Kitumbini na Upanga. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU iliwaunga mkono wagombea wa Kiasia, wakiwamo Waislamu kama Amir Jamal na Bi Sophia Mustafa, nao wakashinda. Kwa msimamo wa Mtemvu watu hao wasingekuwa na nafasi. Na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, wala mweusi juu ya mweupe, isipokuwa kwa uchamungu. Hatuwezi kulishika fundisho hilo tunapobaguliwa, kisha tukaliweka pembeni anapobagua mtu wetu.

Tusimtwike, hata hivyo, mzigo usio wake peke yake. Mawazo hayo yalikuwamo hata ndani ya TANU. Oktoba 1961, bungeni, wako wabunge wa chama hicho hicho waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Nyerere ilibidi atishie kujiuzulu. Tofauti ni kwamba wao waliyasema wakiwa wamekaa kwenye viti vya ushindi. Mtemvu aliyasema hadharani akiwa hana kitu.

Tena tusichanganye mambo. Sheikh Suleiman Takadir, aliyefukuzwa TANU mwaka 1958, alikuwa na hofu juu ya nafasi ya Waislamu baada ya uhuru. Hiyo ni hoja nyingine. Ugomvi wa Mtemvu haukuwa wa dini. Wazee wa Kiislamu waliokuwa mstari wa mbele kuijenga TANU walibaki na Nyerere. Anayeuita uchaguzi wa 1962 mpambano wa Msikiti na Kanisa hawatendei haki wazee hao, wala hamtendei haki Mtemvu.

Wapigakura walikwishamwambia mapema. Mwaka 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo havikuwa na mpinzani. Chama cha Mtemvu nchi nzima kilipata kura 337. Uhuru ukaja Desemba 9, 1961 bila yeye. Bado mwaka uliofuata alisimama kugombea urais. Kutoka kura 337 hadi 21,276 si haba, ingawa mara hii waliopiga kura walikuwa wengi zaidi. Nyuma ya takwimu hiyo kulikuwa na watu zaidi ya elfu ishirini waliotaka kusema hapana, na bila Mtemvu wasingekuwa na pa kuisemea.

Mwisho wake ndio unaonisikitisha. Januari 1963 TANU ilitangaza azma ya nchi kuwa na chama kimoja, na mwaka huo Mtemvu akarudi TANU. Sitaki kumhukumu. Mlango ulikuwa unafungwa, naye alichagua kuwa ndani. Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria, na tangu hapo Mtanzania akaletewa jina moja la Rais, alikubali au alikatae. Ilikuwa hivyo mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ndio ulioleta tena wagombea wanaoshindana.

Kwa hiyo tumkumbuke vipi? Nionavyo mimi, tuikatae sera yake bila kuficha, kwa sababu ilikuwa ya ubaguzi. Na tuishukuru hatua yake ya kusimama, kwa sababu haki ya mtu kushindwa hadharani ndiyo haki ile ile ya mwenzake kushinda kihalali. Tulipoacha kuwaheshimu wanaoshindwa, tulikaa miaka thelathini bila wa kushindana. Mwenye kura 21,276 alikuwa amekosea katika sera yake, lakini hakukosea kuomba kura.

Allah amrehemu mzee Zuberi Mtemvu, amsamehe aliyoteleza, na atupe sisi moyo wa kuwafanyia uadilifu hata tusiokubaliana nao. Amin.