Fundi Konde: Tausi Aliyerudi Uzeeni

Wimbo wa Tausi Ndege Wangu ni nadra kumkuta mtu wa makamo asiyeujua. Mwenye wimbo, kwa miaka mingi, walimjua wachache. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana marehemu Fundi Konde ni mtoto wa pwani yetu hii, na alifikwa na jambo lisilowafika waimbaji wengi: alisahauliwa akiwa hai, kisha akakumbukwa akiwa bado hai.

Alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, upande wa Malindi, katika Wagiriama. Vilipoingia Vita Vikuu vya Pili alitumika katika kikosi cha kuwatumbuiza askari. Vita vilipokwisha, vijana wengi wa Afrika Mashariki walirudi makwao na magita na kodiani, na masikio yao yamekwisha zoea muziki wa ng'ambo. Konde alikuwa miongoni mwa waliojua la kufanya na masikio hayo. Akaingia Nairobi, akafanya kazi na Mwingereza mmoja aitwaye Peter Colmore, na nyimbo zake zikatoka katika santuri za His Master's Voice, kampuni ile ile iliyotia sauti ya Siti binti Saad katika sahani kule Bombay mwaka 1928.

Wapenzi wa taarabu watasema gita si udi. Kweli, si udi. Lakini sikiliza Kiswahili chake: hakina haraka, hakina kelele, na kila neno limekaa mahali pake. Konde ni katika watu wa kwanza Kenya kupiga gita la umeme, naye hakulitumia kuwapigia watu makelele. Aliimba taratibu, mwenzake akimfuata kwa sauti ya pili, mdundo ukienda kirumba, mara nyingine na klarineti kwa mbali. Sahani za siku hizo zilichukua kama dakika tatu kila upande, na zikianguka zilivunjika kama sahani ya wali. Katika dakika tatu hizo alikuwa amekwisha sema yake.

Nimekaa Embu kwa kazi miaka kadhaa, na Meru nikipanda mara kwa mara. Sisi watu wa pwani twaijua Meru kwa miraa, basi. Miraa hushuka kwetu kila siku. Nyimbo za Konde zilipanda kwao, kwa gramafoni na baadaye kwa redio. Embu ina Majengo yake na Meru ina Majengo yake, kama miji mingi ya bara, na huko ndiko mgeni Mwislamu huelekezwa akiulizia msikiti na mahamri. Sasa Konde ana wimbo uitwao Majengo Siendi Tena. Embu nilikutana na wazee wenye yakini kwamba Majengo hayo ni yao. Meru nako nikaambiwa vivyo hivyo, tena kwa kiapo. Wengi huyachukulia kuwa ni ya Pumwani, Nairobi, lakini ukisema hivyo Embu hutapewa kikombe cha pili cha kahawa. Wote waliuimba mpaka mwisho. Jina la mtungaji hakulitaja hata mmoja.

Miaka ya 1960 soko liligeuka. Vijana walitaka twisti ya akina Daudi Kabaka, bendi za Kongo zikaingia na magita yao matatumatatu, kisha benga ikatawala. Nyimbo za Konde redio iliziweka katika fungu la zilizopendwa. Neno hili sijapata kulipenda. Zilizopendwa, kana kwamba mapenzi yamekwisha na mwenyewe amekwisha! Na waimbaji wengi wa zama zile walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi. Wimbo ukipigwa mara elfu, mtungaji alisikiliza bure kama jirani yake.

Waliomtoa katika fungu hilo ni Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kaloleni, iliyoanza Mombasa mwaka 1972 na kupata sifa ya dunia kwa Jambo Bwana mwaka 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimfuata mzee, naye akielekea miaka 70, wakarekodi naye upya nyimbo zake. Wangeweza kuziimba peke yao, kama wengine walivyozoea. Wakaona heri mwenyewe ashike kipaza sauti.

Katika kanda hizo uzee unasikika, na siwezi kusema sauti ni ile ya mwaka 1950. Lakini sauti ya kijana inaimba tausi kama mtu anayemtazama. Sauti ya mzee inamwimba kama mtu aliyekwisha achana naye, na mimi naona ya pili ndiyo inayouma zaidi. Vijana waliomdhani marehemu walimwona akisimama jukwaani na gita lake, na jina likarudi kwa mwenyewe.

Mwaka 1994 ikatoka diski ya nyimbo zake za asili, za tangu 1947 hadi 1956, safari hii jina na picha vikiwa mbele. Alifariki mwaka 2000. Juu ya diski ile pameandikwa kwamba hiyo ni juzuu ya kwanza.