Benjamin Franklin: mutu aliyeshusha radi mu udongo

Mvua ikianza kunguruma kule Kabare, wazazi wanaita watoto waingie haraka mu nyumba. Wako na sababu. Mu mwaka wa 2016, wachunguzi waliotumia mitambo ya satelite ya NASA walionyesha kwamba Kabare, mu Kivu ya Kusini, njo fasi yenye radi mingi kupita zote mu Afrika: inamulika zaidi ya mara 200 kwa mwaka juu ya kila kilometa mraba moja. Mutu wa kwanza kuonyesha namna ya kukinga nyumba na ile moto ya mbinguni hakuwa fundi, na hakumaliza hata masomo ya musingi.

Benjamin Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706 ku Boston, Amerika ikiwa bado koloni ya Uingereza. Baba yake alikuwa anatengeneza mishumaa na sabuni, na alikuwa na watoto 17. Franga haikutosha: Benjamin alisoma miaka 2 tu, halafu masomo ikaishia pale. Akafundishwa kazi ya kuchapa magazeti kwa kaka yake James, aliyekuwa anamupiga, na mu 1723 akatoroka mupaka Philadelphia. Huko akapata mashini yake mwenyewe na gazeti yake. Mu 1748, akiwa na miaka 42, alikuwa tajiri vya kutosha kuacha kazi ya kila siku. Sehemu ya ule utajiri ilitoka ku matangazo ya kuuzisha watumwa, na yeye mwenyewe alikuwa nao nyumbani. Mu uzee tu ndipo aliongoza chama ya kupinga utumwa. Hiyo haifichwi.

Umeme ulimushika kwa njia mbili. Kwanza, rafiki wa London alituma bomba ya kioo, ile ukiisugua inatoa cheche, na Franklin akakosa usingizi juu yake. Pili, mu Desemba 1750, alitaka kuua batamzinga kwa umeme uliohifaziwa mu chupa mbili kubwa, watu wakiwa wanatazama. Mukono moja ikagusa waya za juu, mukono ingine ilikuwa imeshika munyororo uliofungwa inje ya chupa. Umeme wote ukapita mu mwili wake. Akapoteza akili kwa kitambo, mikono na shingo vikabaki na ganzi mupaka asubuhi, kifua kikamuuma siku kazaa. Alipomwandikia kaka yake habari ile, alikiri kwamba ni aibu. Ni kosa ile ile inayofanywa hata leo na mutu anayeshika waya mbili kwa mikono mbili.

Mu 1752, Wafaransa walisimamisha fimbo ya chuma ku Marly-la-Ville kufuatana na maandiko yake, wakakamata cheche za wingu. Yeye mwenyewe, pamoja na mutoto wake William, alirusha tiara ya kitambaa mu mvua ya radi. Hadisi ya tiara njo watu wanaijua. Lakini kazi yenyewe iko mu kitabu yake ya kalenda ya mwaka 1753, fasi alieleza kwa maneno ya kawaida: chukua fimbo ya chuma, ipite juu ya nyumba kwa karibu metre 2, halafu chini iingie metre moja hivi mu udongo wenye maji. Radi ikipiga, inafuata chuma, inamalizika mu udongo, nyumba inabaki.

Watu wengi waliona sehemu ya juu tu. Mu Agosti ya mwaka ule ule, mwalimu mukubwa Georg Richmann, ku Saint-Pétersbourg mu Urusi, aliingiza fimbo mu nyumba yake kusudi apime nguvu ya wingu. Ile fimbo haikufungwa ku udongo. Radi ikashuka, ikakosa njia, ikaruka ku kichwa chake. Alikufa palepale.

Nyumba ya Franklin yenyewe ilikuwa na waya inayoshuka, lakini aliikata katikati na kutia kengele mbili ndogo, kusudi zilie wingu likiwa na umeme. Akasafiri London. Mama Deborah, bibi yake, akabaki nyumbani na kengele zinazolia. Mu 1758, mume akamwandikia: funga kengele zote mbili kwa kipande ya waya, umeme utapita kimya.

Waya ya kijani na manjano mu prizi ya nyumba iko na kazi inayofanana. Waya ya ndani ya pasi au frigo ikigusa chuma ya inje, umeme unapita ku udongo na dijontere inakata. Kama fundi aliiacha bila kuifunga, juu ya kupunguza bei, ile chuma inangojea mukono ya mutoto.

Wahubiri wengine walisema kuzuia radi ni kushindana na Mungu. Mu milima ya Kivu wengine wanasema radi inatumwa na jirani. Franklin hakubishana sana. Aliendelea kurekebisha. Mu 1761 alipata habari ya nyumba moja ya Philadelphia iliyopigwa: ncha ya fimbo iliyeyuka, nyumba ilipona, lakini watu waliona moto ikitambaa juu ya njia yenye maji, karibu na muguu ya fimbo. Udongo haukupokea vizuri. Mu 1772, alipoombwa pamoja na wengine kukinga gala za baruti za Uingereza ku Purfleet, walishauri kuchimba visima mupaka kufika ku maji, na kushusha chuma mule.

Kisha siasa ikamubeba: uhuru wa Amerika mu 1776, ubalozi ku Ufaransa, ugomvi na William uliobaki mupaka mwisho. Alikufa Philadelphia tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84. Kwa ile fimbo ya radi hakuomba haki ya kuiuzisha peke yake, na hakuna mutu aliyemulipa.