John Hunter na Siri ya Mifupa

Ndugu msomaji, umewahi kutafuna ule mfupa mwororo ulio kwenye ncha ya paja la kuku? Hilo ndilo gegedu. Mimi nawe tulipokuwa tumboni mwa mama zetu, mifupa yetu mingi ilianza ikiwa gegedu kama hilo. Huyu ninayetaka kuwasimulia, John Hunter, alihangaika sana kujua mfupa hukua vipi.

Alizaliwa Februari 1728 huko Long Calderwood, Uskoti, akiwa kitinda mimba katika watoto 10. Masomo ya shuleni hakuyapenda hata kidogo. Yeye hamu yake ilikuwa kutazama nyuki, ndege na viluwiluwi. Mwaka 1748 alienda London kwa kakake William, aliyekuwa na shule ya kufundisha umbo la mwili, akapewa kazi ya kupasua maiti. Maiti zilikuwa haba na nyingine, jamani, ziliibwa makaburini! Baadaye alikuwa daktari wa jeshi, na mwaka 1768 akawa mpasuaji katika hospitali ya St George's.

Sasa tuje kwa mifupa. Je, mfupa hurefuka kwa kuvutika kote kama mpira? Hunter alichukua nguruwe mchanga, akamtoboa matundu mawili kwenye mfupa wa muundi, akatia kirisasi katika kila tundu. Nguruwe alipokua, mfupa ulikuwa umerefuka lakini umbali kati ya virisasi ulikuwa ule ule. Kumbe mfupa hurefukia kwenye ncha, penye gegedu! Kusema haki, Stephen Hales alikuwa amekwisha kujaribu jambo kama hilo kwa kifaranga, lakini Hunter alizidi kuchimba. Aliwalisha wanyama mmea unaotia mfupa mpya rangi nyekundu, akaona kuwa mfupa hujengwa upande huu huku ukibomolewa upande ule.

Hunter hakujua habari za seli. Leo tunajua kwamba kwenye ncha ya mfupa wa mtoto seli za gegedu hugawanyika, zikajipanga mistari kama sisi paredini, halafu zikavimba. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kuwa zikishavimba zote hufa, kisha seli nyingine huingia pamoja na mishipa ya damu na kujenga mfupa. Lakini mwaka 2014 watafiti walitia alama seli za gegedu za panya, wakazifuata. Baadhi hazikufa, bali ziligeuka zenyewe kuwa seli za kujenga mfupa. Fundi yule yule, kazi mpya! Naona Hunter angefurahi mno.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kumtetea. Charles Byrne alikuwa pandikizi la mtu kutoka Ireland, urefu wake kama mita 2.31, na watu wa London walilipa ili wamwone. Aliwaogopa wapasuaji, akawaomba rafiki zake wamzike baharini. Alikufa mwaka 1783 akiwa na miaka 22 tu. Hunter alitoa pesa, inasemekana pauni 500, akaipata maiti, akaichemsha na kuianika mifupa katika makavazi yake. Ni kweli mwaka 1909 Harvey Cushing alilichunguza fuvu hilo akaona mahali pa tezi ya pituitari pamepanuka, na tezi hiyo ndiyo huchochea gegedu kurefusha mifupa. Elimu ilipatikana. Lakini mwenye mwili si alikuwa amekataa?

Hunter mwenyewe alikufa ghafla tarehe 16 Oktoba 1793, katikati ya mkutano wenye ubishi pale hospitalini kwake. Serikali ya Uingereza iliununua mkusanyo wake mwaka 1799 kwa pauni 15,000. Mwaka 2023 makavazi hayo yalipofunguliwa upya, mifupa ya Byrne haikuwekwa tena mbele ya watu. Iliondolewa, lakini haikupelekwa baharini. Ilibakizwa kwa ajili ya utafiti.