Mwalimu wa Pugu na Sala za Kila Siku

Ndugu zangu tuliosoma Pugu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani, nimeombwa niandike juu ya sala na kusoma Maandiko kila siku. Kuhubiri si kazi yangu. Nitasimulia habari za mtu aliyefundisha hapa hapa kwetu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Nyumba yao haikuwa ya Kikristo. Alibatizwa Nyegina Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu dini hakuirithi, aliichagua.

Baada ya Makerere, Tabora na Edinburgh, alikuja Pugu. TANU ilianzishwa Julai 7, 1954, na Mwalimu akawa akienda mikutanoni mjini kwa miguu, kilometa 20 hivi. Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague ualimu au siasa. Akaacha kazi. Mshahara ukakoma, hali ana mke na watoto wadogo.

Sala hakuiacha. Hata alipokuwa Rais, akikaa Msasani, alihudhuria misa ya asubuhi karibu kila siku, mara nyingi katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Kumbukeni miaka yenyewe: Azimio la Arusha 1967, kisha shule za misheni, yetu ikiwamo, kuchukuliwa na Serikali yake mwenyewe, kisha vita ya Kagera 1978 na 1979. Basi mwanafunzi anayeniambia hana nafasi ya kusali kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne, namhurumia, lakini simwamini.

Wako wanaodai kwamba ile ilikuwa siasa tu. Sikubali hata kidogo. Aliacha urais mwaka 1985, hakuwa tena na kura za kutafuta, na ndipo alipojitwika kazi nzito zaidi. Mwaka 1996 zilitolewa tenzi zake za Enjili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Aliyewahi kujaribu utenzi anajua shida yake: kila kipande mizani 8, na vina havikubali kudanganywa. Huwezi kuusoma mstari wa Mathayo mara moja ukautia humo. Utausoma, utaupima, utaurudia, kesho uanze tena pale ulipokwama. Kwangu mimi huko ndiko kusoma Maandiko, na wala hakuhitaji mtu awe padre.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kuyachunguza maisha yake, ili Kanisa lione kama yafaa atangazwe mwenye heri.